Shukrani Nayo Ina Mpaka Wake

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mjini Kampala na afisa mstaafu wa polisi, mzaliwa wa Busia, mbele ya vijana wa jamii za mipakani walioanza kazi zao za kwanza mjini humo, pamoja na baadhi ya wazazi wao. Tunaichapisha kwa ajili ya wasomaji wetu wa Busia, Malaba, Mutukula, Katuna, Mpondwe na Elegu.



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kwanza, hasa kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi. Katika ukumbi huu wapo waliongoja miaka miwili, wapo waliongoja mitano, na yupo mmoja aliyeniambia pale mlangoni kwamba alingoja minane. Huyo naona ninamfahamu, ingawa ndiyo kwanza tumekutana. Mimi mwenyewe nilimaliza sekondari nikakaa Busia miaka sita kabla jina langu halijaandikwa katika daftari la mshahara la mtu yeyote.

Sisemi kwamba katika miaka hiyo nilikaa bure. Mpakani hakuna akaaye bure. Nilipakua mizigo, nilichimba mashimo ya vyoo, na kwa muda mrefu nilibeba abiria kwa baiskeli ya kuazima, kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya. Ninyi mnaopanda bodaboda hapa Kampala mjue kwamba jina hilo lilizaliwa kwetu, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwaita abiria wa kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, kabla pikipiki hazijalirithi na kulieneza Afrika Mashariki nzima. Kazi za mikono zilikuwapo. Kilichokosekana ni ajira: mahali pa kwenda kila asubuhi, na tarehe ya mwezi ambayo mtu anaweza kuitegemea.

Nilidhani kuwa siku nitakapopata ajira mambo yote yatanyooka. Nilipoipata, nikagundua kwamba ile miaka sita sikuiacha Busia. Nilikuja nayo Kampala, mwilini mwangu, moyoni mwangu, na katika madeni yangu.

Neno ninalotaka mlichukue leo ni moja. Mtu aliyengoja kazi kwa muda mrefu huingia kazini akiwa amejaa shukrani. Anamshukuru mwajiri aliyempokea, anawashukuru jamaa waliomlisha, anawashukuru marafiki waliomkopesha. Shukrani ni tabia ya mtu aliyelelewa vyema, na sitaki mtu atoke hapa akidhani ninaibeza. Lakini katika utumishi wangu wa polisi niliwaona vijana wengi wema wakifikishwa kituoni, na wengi wao hawakuwa na roho ya wizi. Walikuwa na shukrani isiyo na mpaka. Sisi tuliozaliwa mipakani tunaelewa kwamba mpaka si ukuta. Watu wanapita, bidhaa zinapita, hata harusi zinapita. Ila kila kitu kina njia yake halali ya kupita, na vipo visivyopita kabisa. Ndivyo ilivyo kwa shukrani.

Mwezi wa kwanza

Kabla ya hayo, niseme kidogo juu ya siku za mwanzo, kwa sababu mtu akianguka katika mwezi wa kwanza hafiki kwenye mengine.

Asiye na kazi ana saa zake mwenyewe. Anaamka kazi ya kibarua inapotokea, analala mazungumzo yanapokwisha. Hilo si uvivu; ni mazoea ya mwili. Mwili huo ukitakiwa ghafla kuwa kazini saa mbili asubuhi, siku sita kwa juma, utalalamika. Mimi katika juma la kwanza nilisinzia juu ya daftari la ghala mchana kweupe. Usijidharau kwa hilo, lakini usilipuuze. Lala mapema. Na siku moja kabla ya kuanza kazi, safiri njia yenyewe kwa saa ile ile utakayosafiri, ujue msongamano wa Barabara ya Jinja unakula muda gani. Mtu wa Busia akiambiwa kwamba kutoka Kireka hadi Nakawa ni karibu, huamini. Akikwama ndani ya teksi asubuhi ya Jumatatu, hujifunza.

Pili, kumbukeni kwamba mwezi wa kwanza ni mwezi wa njaa. Umepata kazi, watu wote wanajua umepata kazi, lakini hujapata mshahara. Siku thelathini utalipa nauli, utakula mchana, na mwenye nyumba huenda akadai kodi ya miezi kadhaa mbele. Kile chumba kimoja cha kupanga ambacho Waganda hukiita muzigo, kwa sisi tusemao Kiswahili kimepewa jina linalostahili. Kwa hiyo, ukiweza, kaa kwanza kwa jamaa. Ukiweza, tembea kwa miguu. Chukua chakula kutoka nyumbani. Mimi nilikaa kwa mjomba wangu Banda, nikatembea hadi eneo la viwanda kila asubuhi na kurudi jioni. Viatu viliisha kabla ya mwezi, lakini sikukopa. Mkopo wa mwezi wa kwanza ndio unaomeza mshahara wa kwanza, na mshahara wa kwanza ukimezwa, wa pili nao unaanza na deni.

Tatu, uliza. Aliyengoja kazi miaka mingi huona aibu kusema, "Sijui." Anahofia kwamba watajuta kumchukua. Basi anaitikia kila agizo, kisha anakwenda kukisia. Na mara nyingi anayemwelekeza ni mdogo wake kwa umri, jambo linalozidisha aibu. Mimi msimamizi wangu wa kwanza alikuwa mzee, lakini karani aliyenifundisha kujaza hati za kutolea mizigo alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minne. Nilijifunza kumwambia, "Bwana karani, nieleweshe tena." Hakuna kilichonipungua. Kosa linaloulizwa mapema huwa funzo, na kosa linalofichwa huja kuwa hasara yenye jina lako.

Shukrani kwa mwajiri

Sasa nirudi kwenye neno langu. Shukrani ya kwanza ni ya mwajiri. Mwonyeshe kwa kuwahi, kwa kufanya kazi vizuri, kwa kutunza mali yake. Mpaka wake ni sheria.

Kijana aliyesubiri kwa muda mrefu huogopa hata kuomba mkataba. Anawaza, "Nikiuliza karatasi, wataniona mjuaji." Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haioni hivyo. Inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, kabla ya kupita majuma 12 tangu ulipoanza. Kipindi cha majaribio hakipaswi kuzidi miezi 6. Kikiongezwa, kiongezwe kwa ridhaa yako, nacho kisizidi miezi mingine 6. Ukiwa katika majaribio, mwajiri akitaka kuachana nawe, au wewe ukitaka kuachana naye, taarifa ni ya siku 14, au mwajiri akulipe mshahara wa siku 7 badala ya taarifa hiyo. Kila juma una haki ya kupumzika saa 24 mfululizo. Mshahara wako unalipwa kwako wewe, na hauwezi kukatwa ila kwa yale ambayo sheria imeyaruhusu.

Jifunze kuisoma hati ya mshahara. Wapo vijana wanaotoka kwa hasira wakidhani wameibiwa, na wapo wanaoibiwa kweli wakidhani ni kodi. Chukueni mfano wa mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, unachukua asilimia 5 kutoka kwako, yaani 15,000. Kodi ya mapato haigusi shilingi 235,000 za kwanza. Inakata asilimia 10 ya zile 65,000 zilizobaki, yaani 6,500. Utapokea 278,500, ukiacha ushuru wa serikali ya mtaa, ambao hukatwa katika miezi michache ya mwaka. Kwa upande wake mwajiri anatakiwa aongeze asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, yaani 30,000, ziende NSSF kwa jina lako. Kwa hiyo kila mwezi una akiba ya 45,000 usiyoiona. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, wajibu huo ni wa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Uliza namba yako ya uanachama, na kila baada ya muda hakikisha kwamba fedha zinafika. Zinazokatwa kwako zisipofika huko, hiyo si kodi.

Nawaambia pia binti zangu mliomo humu. Hakuna kazi inayolipiwa kwa mwili. Mtu akikuambia kwamba yeye ndiye aliyekuondoa katika miaka ya kukaa nyumbani, na sasa anataka fadhila yake, ujue kwamba hapo shukrani imefika mpakani. Sheria hiyo hiyo ya ajira inakataza jambo hilo. Mlango wa kwanza wa malalamiko ya kazi ni afisa wa kazi wa wilaya au wa manispaa. Na palipo na shambulio au vitisho, mlango ni kituo cha polisi. Msione haya kuingia.

Kwa wale ambao ndugu zao bado wanangoja kazi, wapelekeeni salamu hii: Polisi ya Uganda haiuzi nafasi za kazi. Kuandikishwa hakulipiwi, na anayetaka fedha ili "kumwingiza" mtu ni tapeli, hata akiwa amevaa sare. Na anayeahidi kazi ya Uarabuni kwa sharti kwamba msafiri avuke Busia au Malaba usiku, asimwage mzazi wake, na apandie ndege nchi jirani, huyo hatafuti mfanyakazi. Kampuni halali za kupeleka watu nje hupewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na mtu anaweza kwenda kuuliza huko kabla hajatoa hata shilingi. Biashara ya kusafirisha binadamu ni jinai kwa sheria ya mwaka 2009. Aliyechoka kungoja ndiye anayelengwa, kwa sababu anashukuru kabla hajauliza.

Shukrani kwa jamaa

Shukrani ya pili ni ya nyumbani. Hii ni ngumu zaidi, kwa sababu ni ya haki. Walikulisha. Mama aliuza kuku ili upate nauli ya kwenda kwenye usaili. Kaka alikuacha ulale chumbani mwake miaka mitatu. Sasa simu zinaanza: ada ya mdogo wako, dawa ya bibi, mchango wa msiba, bati za jikoni. Zote ni za kweli, na zote zikijumlishwa ni mishahara minne.

Wengine hukata tamaa wakazima simu. Wengine hutuma kila kitu, kisha wanashinda na njaa kazini, na mtu mwenye njaa aliyekabidhiwa mali ya watu yuko katika hatari. Mimi nawashauri njia ya tatu. Kaeni na wazee mapema, kabla ya mshahara wa kwanza, mseme kwa uwazi: "Mshahara wangu ni huu. Nauli na chumba ni hivi. Kila mwezi nitaleta kiasi hiki, kidogo lakini hakitakosekana." Wazee wetu wanaheshimu ahadi ndogo inayotimizwa kuliko ahadi kubwa inayoyeyuka. Kuficha kiwango cha mshahara ndiko kunakozaa chuki, kwa kuwa asiyejua hukisia, na kisio la mtu mwenye shida huwa kubwa.

Shukrani kwa rafiki

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe nilijikwaa. Nimewahi kuwasimulia watu wachache tu jambo hili, lakini nimestaafu, na naona litawafaa ninyi kuliko kunifaa mimi nikilinyamazia.

Katika miaka ile ya Busia nilikuwa na rafiki. Jina lake nitalihifadhi. Yeye alikuwa na mkono mwepesi wa kupata fedha. Sukari ikiwa ghali upande huu, aliijua njia. Mafuta ya taa yakiwa nafuu upande ule, aliijua njia. Ninyi ni watu wa mpakani, sina haja ya kuzieleza njia za panya. Mimi sikuwa na kitu. Siku nyingi, nisipopata abiria, nilikula kwao. Mama yake hakuwahi kuniuliza kwa nini nimekuja. Alikuwa akinitengea sahani kabla sijaketi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilipata kazi hapa Kampala, karani wa ghala katika eneo la viwanda. Nilikuja na barua ya mwenyekiti wa RC1, kama mabaraza ya vijiji yalivyoitwa kabla ya kuwa LC1. Mwenyekiti aliandika kwamba ananijua, ninatoka katika ukoo mwema, na anajidhamini kwa ajili yangu. Fikirini uzito wa barua hiyo. Hata leo wengi wenu mmekuja na barua kama hiyo. Maana yake ni kwamba jina lililo katika daftari la mwajiri si lako peke yako. Kijiji kizima kimetia sahihi.

Mwezi wa tatu, yule rafiki alikuja kunitembelea Banda. Tulikula, tukacheka, tukawakumbuka watu wa nyumbani. Alipokuwa akiaga, aliuliza kama mtu anayeulizia mvua: lori la sukari la kwenda mashariki linaondoka siku gani, na saa ngapi, na kuna askari ndani yake au dereva na turniboi tu.

Nikamjibu.

Nataka mnielewe vizuri. Hakunipa fedha wala hakunitisha. Hakuniambia anataka kufanya nini, wala mimi sikumuuliza. Nilimjibu kwa sababu sahani za mama yake zilikuwa mbele ya macho yangu, na kwa sababu nilijiambia kwamba saa ya kuondoka lori si siri kubwa. Na ndani kabisa ya moyo wangu nilijua.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimwendea msimamizi, yule mzee niliyewataja, nikamwambia nilichokisema na niliyemwambia. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja: "Kuna kingine ulichosema?" Nikamwambia hakuna. Lori halikuondoka siku ile. Liliondoka siku mbili baadaye, kwa saa nyingine, likiwa na ulinzi. Mimi niliondolewa kwenye madaftari, nikapewa ufagio. Nilifagia ghala lile kwa miezi miwili, mbele ya yule karani mdogo aliyenifundisha, ndipo nikarudishiwa kalamu. Nilikuwa bado katika majaribio. Wangeweza kunifukuza, na wangekuwa na haki.

Rafiki yangu alikuja tena. Alisimama nje, hakuingia. Akaniuliza, "Umesema?" Nikajibu, "Nimesema." Akaniambia, "Fadhila ya punda ni mateke." Akaondoka. Hatukuzungumza tena kwa miaka minane.

Baadaye, nikiwa askari, nilijifunza kuwa Sheria ya Makosa ya Jinai humhesabu anayemsaidia mtenda kosa kuwa mtenda kosa mwenyewe, na kwamba wizi wa mfanyakazi kwa mwajiri wake umewekewa kifungu chake. Niliwahi kuwahoji vijana ambao hawakugusa hata gunia moja. Mmoja alisahau kwa makusudi kufunga lango. Mwingine alimwazima rafiki yake ufunguo kwa nusu saa. Mwingine alitaja saa, kama mimi. Kila nilipowauliza kwa nini, jibu lilikaribiana: "Afande, huyu mtu alinisaidia sana nilipokuwa sina kazi." Nikawa naandika maelezo yao kwa mkono ambao ungeweza kutiwa pingu kama yao. Kilichotutenganisha ni asubuhi moja tu.

Kwa hiyo nawapa maneno ambayo mimi sikuwa nayo siku ile. Yashikeni kwa moyo, maana hutapata muda wa kuyatafuta: "Deni lako ninalijua, na nitalilipa kwa mshahara wangu. Hiki unachoniomba si changu." Yaseme kwa upole, bila kumtukana, bila kumhubiria. Ufunguo, saa ya lori, namba ya siri ya kompyuta, kitambulisho cha kazini, jina la mteja mwenye fedha nyingi: vyote hivyo umekabidhiwa, hukupewa. Deni la wema lilipwe kwa jasho lako mwenyewe, pole pole, hata likichukua miaka kumi.

Na kama ulimi umeshateleza, usingoje. Nenda asubuhi ile ile. Utaona aibu, na huenda ukapewa ufagio. Ufagio unashikika na unatuliwa.

Kwa wazazi na jamii

Wazazi wangu, nina ombi kwenu. Mtoto aliyengoja kazi miaka mingi akirudi nyumbani mwisho wa mwezi wa kwanza, msianze kwa kumwuliza ameleta nini. Mwulizeni kazi inaendeleaje, nani anamfundisha, anakula nini mchana. Na mtu yeyote kijijini akianza kusema, "Mtoto wetu yuko ndani ya kampuni ile, atatufungulia mlango," mzee aliye karibu amkemee hapo hapo, kabla neno halijafika Kampala. Kijana peke yake anaweza kushindwa kumkatalia mtu aliyemlisha. Kijiji kikikataa kwa pamoja, yeye hatalazimika kuchagua kati ya rafiki na kazi. Hiyo ni kazi ya ulinzi wa jamii ambayo hakuna askari anayeweza kuifanya kwa niaba yenu. Mkisikia mpango wa namna hiyo, mwambieni afisa wa polisi wa uhusiano na jamii wa eneo lenu, au pigeni simu 999 au 112.

Nimalize kwa habari ya yule mama. Niliwahi kurudi Busia, nikiwa na miaka kadhaa ya mshahara, nikaenda kwake. Nilikuwa nimepiga hesabu ya sahani zile kadiri nilivyokumbuka, nikaweka fedha ndani ya bahasha. Nilipiga magoti nikampa kwa mikono miwili. Alizihesabu zote, mbele yangu, bila haraka. Kisha akaniambia, "Mwanangu, fedha nimezipokea. Chakula hukukilipa, chakula hakilipwi. Ingia ule."

Niliingia, nikala. Mwanawe alikuja akatukuta. Hakunisalimu, lakini hakuondoka; alivuta kiti akaketi upande wa pili wa meza. Miaka minane ilikuwa imepita. Siku ile hatukusema lolote la maana, na mpaka leo urafiki wetu haujarudi ulivyokuwa. Hiyo ndiyo gharama yangu, nami siwafichi kwamba ni gharama. Lakini niliketi mezani pale nikiwa mtu ambaye angeweza kutazamwa machoni na mama yule, na na mwenyekiti aliyeniandikia barua.

Vijana wangu, hongereni kwa kazi zenu. Mlizingoja vya kutosha.